Maneno ya Mtazamaji na Maneno ya Fundi: Historia ya Ufundi wa Sinema kwa Mifano ya Nchi ya Mara

Lugha ya Kiswahili ilipata maneno ya sinema kwa mafungu mawili, na mafungu hayo hayakuja pamoja. Fungu la kwanza ni la mtazamaji: sinema yenyewe, picha, filamu, mkanda, kiwambo. Hayo yalikuja mapema, yakazoeleka mjini na shamba, na leo hakuna anayeyastaajabia. Fungu la pili ni la fundi, yaani mtu ashikaye kamera, apimaye mwanga, akataye mkanda na kuuunga tena. Hayo yalichelewa sana, na mengi yake hata sasa ni ya kuazima, kila fundi akiyatamka apendavyo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Ilitokana na jinsi sinema ilivyoletwa Tanganyika: watu waliitwa waje kuitazama, wakaelezwa inasema nini, lakini hawakuelezwa imetengenezwaje.

Neno la ufundi halielezeki bila kitendo chake. Kwa hiyo sina budi kupitia misingi ya kazi hiyo kwa ajili ya msomaji ambaye hajapata kugusa kamera. Mifano mingi nimeichukua katika nchi ya Mara, yaani Musoma, Butiama na Bunda, kwa sababu mbili. Kwanza, huko lugha ni nyingi, na swali la lugha ipi isimulie picha huonekana waziwazi. Pili, nchi hiyo inapakana na Serengeti, na sehemu ya mbuga hiyo imo ndani yake. Na filamu mashuhuri iliyopigwa huko itatusaidia kulieleza jambo lililo gumu kupita yote katika ufundi huu.

Tuanze na kiwambo. Asili yake ni kitenzi kuwamba, yaani kuvuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma, au kuvuta kamba juu ya miti ya kitanda, mpaka ikaze. Kitu kilichowambwa ni kiwambo. Aliyekipa jina hili kitambaa cheupe cha sinema aliona kwa macho yake shuka ikivutwa baina ya miti miwili uwanjani. Ni neno zuri, nalo ni neno la mtu aliyeketi mbele. Mkanda nao ni neno la mtu aliyegeuka akatazama nyuma, akaona utepe mweusi ukizunguka kwenye gurudumu, akaufananisha na mshipi. Ndani ya utepe ule mna nini, neno mkanda halisemi.

Ndani yake mna picha za mnato, kila moja imekaa kimya wala haitikisiki. Mkanda wa upana wa milimita 16, ambao kampuni ya Kodak iliutoa mwaka 1923 na ambao ndio uliotumika sana katika sinema za mafunzo, huwa na picha 40 katika kila futi moja. Sinema yenye sauti hupita kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Basi mkanda wa futi 100 una picha 4,000, nao humalizika kwa dakika 2 na sekunde 47 hivi. Katika siku za sinema bubu kasi iliyozoeleka ilikuwa picha 16 kwa sekunde, na mkanda uleule ulidumu dakika 4 na sekunde 10. Hii ndiyo sababu sinema za kale zikionyeshwa kwa mtambo wa siku hizi watu huonekana wakitembea kama siafu: zilipigwa kwa 16, zinaonyeshwa kwa 24.

Mwendo, basi, haumo mkandani. Mtambo huisimamisha kila picha mbele ya taa, kisha kipazia hufunga mwanga kwa kitambo kidogo mno huku picha inayofuata ikivutwa mahali pake, kisha hufungua tena. Jicho halioni giza lile, na akili huunganisha picha moja na ya pili hata mtu akaona mguu umeinuka na kushuka. Vitabu vya zamani vilisema kwamba sura ya picha ya kwanza hubaki jichoni mpaka ya pili ifike. Wataalamu wa siku hizi husema maelezo hayo hayatoshi, na kwamba kazi kubwa hufanywa na akili yenyewe, izoeayo kuona mwendo palipo na badiliko dogo la mfululizo. Kwa vyovyote vile, hilo ndilo walilolishuhudia watu wa Paris tarehe 28 Desemba, 1895, ndugu Lumière walipoonyesha mikanda yao kwa malipo, na si jambo gumu kumweleza mtoto wa shule. Ajabu ni kwamba wale walioleta sinema Tanganyika hawakuona haja ya kulieleza.

Jaribio kubwa la kwanza la kutengeneza sinema humu nchini kwa ajili ya wananchi lilianza mwaka 1935, nalo kwa Kiswahili twaweza kuliita Jaribio la Sinema la Kuelimisha Wabantu. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, fedha nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani, na kazi yenyewe iliongozwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham. Makao yao yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, juu ya kilimo, ushirika, afya, kodi, akiba ya posta na mengineyo. Waigizaji walikuwa wenyeji. Sauti haikuandikwa juu ya mkanda, kwa kuwa ilikuwa gharama kubwa. Iliandikwa juu ya sahani za santuri, zikachezwa sambamba na picha.

Jambo la sahani lastahili kutuliwa, maana ndipo historia ya sinema inapogusana na historia ya lugha. Sauti ikiwa mbali na picha, picha moja yaweza kusimuliwa kwa lugha nyingi. Huna haja ila ya kubadili sahani. Kwa fikira hii ilionekana kama kwamba shida ya lugha imekwisha. Lakini hebu tuipime katika nchi ya Mara. Musoma mjini na kandokando ya ziwa kuna Wakwaya, Waruri na Wajita. Butiama ni kwa Wazanaki. Upande wa Bunda kuna Wasizaki na Waikizu. Ukienda mashariki wapo Wanata, Waisenye, Waikoma na Wangoreme. Kaskazini Wakurya na Wasimbiti. Na Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu kamwe. Hao ni baadhi tu. Mkanda mmoja wa dakika kumi juu ya ng'ombe na ngozi zao ungehitaji shehena ya sahani, na msimulizi wa kila lugha, na studio ya kuwarekodi. Njia iliyobaki ni Kiswahili, na ndivyo ilivyokuja kuwa, si katika sinema tu.

Hata hivyo, sahani zilikuwa na kasoro nyingine: mkanda ukikatika na kuungwa, picha hupungua chache, na sauti hutangulia au huchelewa. Kwa hiyo katika miaka iliyofuata, gari la sinema lilipokuwa likizunguka vijijini, desturi ikawa ni mtu kusimama kando ya kiwambo na kipaza sauti mkononi, akieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali pale. Mtu huyo hakuwa mkalimani wa maneno peke yake. Aliongeza, alipunguza, alitania, alitaja majina ya vijiji vya jirani. Nami naamini kwamba yeye, kuliko mtu mwingine yeyote, ndiye aliyeifanya sinema ieleweke. Lakini kazi aliyopewa ilikuwa kueleza ujumbe wa filamu: chimba choo, panda pamba mapema, peleka mtoto zahanati. Hakuna aliyemwagiza aseme, «Hapa mpiga picha amesogea karibu.» Maneno ya fundi hayakupata mahali pa kuzaliwa.

Sababu ya pili ni kwamba wenye sinema waliamini wenyeji hawawezi kuufahamu ufundi huo hata wakielezwa. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu ya Makoloni, ambayo iliendelea mpaka mwaka 1955, na kiongozi wake William Sellers alikuwa amefanya kazi ya afya huko Nigeria. Sellers alikuja na kanuni zake: picha ziende polepole; kila picha ikae muda mrefu; kamera isigeuzwe huku na huku, maana watazamaji watadhani miti na nyumba ndizo zinazotembea; hila zote za kamera ziachwe; na mtu akiondoka mahali aonekane njia nzima mpaka afike. Kisa kilichosimuliwa mara nyingi kuthibitisha kanuni hizo ni cha mbu aliyeonyeshwa mkubwa kujaa kiwambo. Watu, yasemwa, walijibu kwamba kwao malaria haipo kwa sababu mbu wao ni wadogo. Kisa hicho kimesimuliwa kuwa kilitokea katika nchi nyingi mno, mara mbu, mara inzi, mara chawa, hata mtu huanza kushuku kama kilitokea popote. Na kama mtu fulani aliyasema maneno yale, mimi nasikia humo mzaha wa mkulima aliyechoka kuhubiriwa.

Kisa cha kuku ni kizito zaidi, nacho kilisimuliwa mwaka 1961 na John Wilson, Mwingereza aliyeshughulika na filamu za mafunzo. Watu wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa filamu fupi ya kuwafundisha kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Wenye filamu hawakujua kwamba imo kuku. Ikabidi waupitie mkanda picha kwa picha, na kweli wakamwona: amepita kwenye pembe ya chini ya picha kwa muda wa sekunde moja hivi, akaruka, akatoweka. Mwaka uliofuata Marshall McLuhan wa Kanada alikitia kisa hiki katika kitabu chake juu ya uandishi na uchapaji, akakifanya ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma haioni picha nzima, bali huipekua kipande kwa kipande.

Hapa sikubaliani. Sekunde moja ni picha 24. Watazamaji wale waliziona picha 24 ambazo mpiga picha, mwongozaji na mwunga mkanda hawakuziona, ijapokuwa waliutazama mkanda huo mara nyingi. Nani, basi, asiyejua kutazama? Filamu ilienda polepole kwa kanuni za Sellers, na katika polepole ile kitu pekee chenye uhai na ghafula kilikuwa kuku. Jicho la binadamu yeyote, msomi au asiye msomi, hufuata kinachostuka. Kisa hiki hasa ni somo la kwanza la fundi, nalo ni hili: kilichomo ndani ya mipaka ya picha chote ni chako. Hakuna pembe ya picha isiyokuwa na kazi. Mpiga picha akitazama katikati peke yake, mtazamaji atatazama pembeni kwa niaba yake.

Katika miaka ya 1950 mambo yalianza kubadilika, kwa kuwa zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, zenye vichekesho, mapenzi na safari za mjini. Mojawapo ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambamo Rashidi Mfaume Kawawa, wakati huo mfanyakazi wa serikali katika maendeleo ya jamii, aliigiza. Watu walimjua Kawawa kwa sura kabla ya kumjua kwa siasa. Januari 1962 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, aliyeshika nafasi yake ni Kawawa huyohuyo. Sidhani ziko nchi nyingi ambazo waziri mkuu wao wa pili alitoka katika sinema. Lakini hata katika filamu hizo wananchi walikuwa mbele ya kamera. Walioshika kamera, na walioukata mkanda, walikuwa wageni wa kampuni ya Afrika Kusini, na lugha ya kazi yao haikuwa Kiswahili.

Sasa tuishike kamera wenyewe. Tuseme kijana wa Musoma amesimama ufukweni saa kumi na mbili kasoro jioni. Mji huo uko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua huzama majini, mbele yake. Anataka kumpiga picha mvuvi anayerudi na mtumbwi. Akielekeza kamera, atapata maji yanayong'aa kama shaba na mvuvi mweusi tititi asiye na uso. Kwa nini? Kwa sababu kamera haina akili ya jicho. Jicho likitazama maji, hujifinya. Likitazama uso, hujifungua. Nasi twadhani tumeviona vyote kwa pamoja. Kamera ina tundu moja la kuingizia mwanga, na kwa picha moja huwa na ufunguo mmoja tu. Tundu hilo hupimwa kwa namba, nazo huwachanganya wanaoanza kwa kuwa namba ikikua tundu hupungua: ukitoka namba 8 kwenda namba 11, mwanga unaoingia ni nusu. Kipazia nacho kina kipimo chake. Kwa kasi ya picha 24, kipazia cha kawaida kikiwa wazi nusu ya mzunguko, kila picha hupata mwanga kwa sehemu moja ya 48 ya sekunde. Basi kijana wetu ana hiari mbili: apime mwanga wa maji na kumpoteza mvuvi, au apime uso wa mvuvi na kuyaacha maji yawe meupe pe. Au, kama ana busara, angoje mtumbwi ufike, amzunguke mvuvi, aweke jua mgongoni mwake mwenyewe.

Upimaji wa mwanga una historia isiyopendeza. Katika miaka ya 1950 maabara za picha za rangi zilisawazisha rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa kwa jina la Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa njema. Nyuso nyeusi zilitoka bila umbo, macho na meno tu, na lawama ikatupiwa mtu aliyepigwa picha kana kwamba rangi yake ndiyo kosa. Kumbe kosa lilikuwa katika kipimo. Fundi wa Musoma anayejua kupima uso ulio mbele yake hana haja ya kadi ya mtu aliye mbali.

Baada ya mwanga, lenzi. Urefu wa fokasi wa lenzi hupimwa kwa milimita. Kwa kamera ya mkanda wa milimita 16, lenzi ya milimita 25 huonyesha vitu kwa ukubwa uliozoeleka na jicho. Iliyo fupi zaidi hupanua uwanja na kuvisukuma vitu mbali. Iliyo ndefu huvileta karibu na kuvibananisha, hata mti ulio nyuma ya simba waonekana kama umempandia mgongoni. Wapiga picha wa Kiswahili hulisema jambo hili kwa neno kuvuta: «vuta picha», «ivute zaidi». Ni mfano mmoja wa neno la fundi lililozaliwa kazini bila kamati, nami nalipenda. Ila lina hatari moja. Kuvuta kwa lenzi si sawa na kusogea kwa miguu. Ukisogea, mpangilio wa vilivyo mbele na nyuma hubadilika. Ukivuta ungali pale pale, waona kipande kidogo zaidi cha mandhari ileile. Mwanafunzi anayetumia neno moja kwa vitendo viwili hawezi kutambua tofauti yake, na makosa yake yataonekana kiwamboni.

Yote haya, mwanga, lenzi, mwendo na mipaka ya picha, yalikutana katika kazi moja iliyofanywa pembeni mwa nchi tunayoieleza. Miaka ya 1957 hadi 1959, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walifanya kazi Serengeti, wakiwa na makao yao Banagi, kituo cha askari wa wanyamapori. Walikuwa na ndege ndogo ya Dornier, iliyopakwa milia ya punda milia. Kazi zao zilikuwa mbili kwa pamoja: kuhesabu wanyama na kupiga filamu. Hesabu yao ya wanyama wakubwa ilifika 366,980. Tarehe 10 Januari, 1959, Michael akiwa peke yake angani, ndege iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba aliimaliza filamu, ikatoka mwaka uleule kwa jina la Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haina ruhusa kufa, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi. Huko Banagi ikajengwa maabara ya kumkumbuka Michael, nayo ndiyo iliyozaa taasisi ya utafiti ya Serengeti.

Kwa ufundi, filamu ile ilisaidiwa sana na ndege. Kupiga picha kutoka ndegeni kuna shida ya mtikisiko. Dawa moja inayojulikana na mafundi ni kuongeza kasi ya kamera, mathalani picha 48 kwa sekunde, kisha kuzionyesha kwa 24, ili mtikisiko uwe wa polepole na usiumize macho. Lakini ndege ilileta pia pembe mpya ya kutazama. Nyumbu ukimpiga picha kutoka ardhini ni mnyama, ana ndevu na vumbi miguuni. Kutoka juu ni nukta, na maelfu ya nukta ni mto mweusi unaotiririka juu ya majani. Pembe hiyo inafaa sana kuhesabia. Pia inafaa kuonyesha kwamba nchi ni pana, na kwamba ni tupu.

Hapa ndipo lilipo jambo gumu nililolitaja mwanzoni. Mtu wa Bunda akiitazama filamu hiyo anaitazama nchi iliyo nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa mkono wa magharibi wa Serengeti hufika karibu na ziwa pale Ndabaka. Waikoma, Wanata, Waisenye, Waikizu na wenzao waliishi, waliwinda na kulisha katika nyika hizo, na mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007 juu ya kumbukumbu za watu hao, ameonyesha jinsi walivyoijua nchi hiyo kwa majina ya vilima, visima na mahame ya wazee wao. Kwao si tupu. Katika filamu, mwenyeji akitokea akiwa na upinde au tanzi, ametokea kama jangili. Kijiji chake, shamba lake na jina la kilima chake viko nje ya mipaka ya picha. Sisemi kwamba Grzimek alidanganya. Nyaya za kutegea zilikuwapo, na wanyama waliteseka kweli. Nasema kwamba kila picha hukata kipande cha dunia na kuacha kingine, na aliyeachwa hawezi kulalamika ipasavyo kama lugha yake haina neno la mahali pale panapokatwa.

Neno lenyewe ndilo linalotutatiza. Mafundi husema fremu, na neno hili lina kazi nyingi kupita kiasi. Kwa seremala, fremu ni mbao za mlango au dirisha. Kwa mfanyabiashara wa Bunda au Musoma, fremu ni chumba cha duka cha kupangisha. Kwa fundi wa sinema, ni picha moja katika zile 24 za sekunde, na papo hapo ni mipaka ya picha, yaani kile kinachoamua kuku awemo au asiwemo. Maana hizi mbili za mwisho zimebanana hata mwanafunzi huzichanganya. Ile ya kwanza sioni haja ya kuitafutia neno geni. Picha moja moja yatosha. Ya pili ningependa iitwe ukingo wa picha. Ukingo ni neno la kila siku, la mto na la shimo, na lina sifa ambayo fremu haina: mtu akitaja ukingo, papo hapo hufikiri kuna kitu ng'ambo yake.

Katika kuchagua maneno ya namna hii tuna mfano wa karibu. Nyerere wa Butiama, alipotafsiri mchezo wa Shakespeare na kuutoa mwaka 1969, aliupa jina la Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilitujia kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, likiwa na maana ya mchuuzi tu, kisha siasa ya wakati ule ikaliongezea maana nyingine. Mtafsiri hakubuni neno. Alichukua lililokuwa sokoni akalitwika mzigo mpya, na kila msomaji akajua mara moja ni mzigo gani. Wako watakaosema alipotoa maana ya Kiingereza. Hata hivyo, jina hilo ndilo lililobaki vichwani mwa wanafunzi.

Serikali huru ilijaribu kuwapatia wananchi kamera. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1974, kwa msaada wa Denmark, ikaanzishwa taasisi ya picha na sauti iliyowafunza mafundi. Matunda yalikuwapo, kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, lakini mafunzo yalikwenda kwa Kiingereza, na kijana aliyetoka huko alirudi na maneno ya walimu wake. Wakati huohuo mabanda ya video yalienea mijini, na yule mwelezaji wa kando ya kiwambo akafufuka ndani yake. Lufufu na wenzake walitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili, wakiongeza, wakipunguza, wakitania, kama walivyofanya watu wa gari la sinema miaka ya 1950. Nimesikiliza kazi za namna hiyo kwa makini. Zina utajiri mkubwa wa lugha, na mwelezaji huwataja wapiganaji, wapenzi, bunduki na magari, kamera haitaji. Desturi imerithiwa nzima, pamoja na pengo lake.

Siku hizi mkanda haupo tena, na kijana wa Musoma anapiga picha kwa simu, anaunga kwa simu, na kuonyesha kwa simu. Vitenzi vya kazi hiyo ni vyetu: kupiga, kuvuta, kukata, kuunga. Ila kukata kumelemewa. Mwongozaji husema «kata» akitaka kamera isimame. Mwunga picha husema amekata, akimaanisha ameondoa kipande na kuunganisha kilichotangulia na kilichofuata. Na mama aliyepigwa picha arusini husema «umenikata kichwa», akimaanisha kwamba kichwa chake kimebaki nje ya ukingo. Vitendo hivi vitatu havihusiani kwa lolote. Cha kwanza ni cha wakati, cha pili ni cha mpangilio, cha tatu ni cha mahali. Ningeshauri «kata» liachiwe mwongozaji, kwa kuwa limeshika na ni amri fupi. Mahali picha mbili zinapokutana paitwe kiungo, maana shughuli yenyewe ni ya kuunga zaidi kuliko ya kukata. Na yule mama aambiwe kwamba kichwa chake kiko ng'ambo ya ukingo, na kwamba picha itapigwa upya.